Kiwiko cha Mrushaji: Ligamenti Inapochanika na Kazi Ndefu ya Kuiponya

Kiwiko cha mkono, ambacho baadhi ya Waswahili hukiita kisugudi, kimeumbwa hasa kwa kukunja na kukunjua, kama bawaba inavyouruhusu mlango kufunguka katika mwelekeo mmoja tu, na maadamu mtu anakitumia kwa kula, kuandika, kulima au kubeba ndoo, kiungo hicho hudumu miaka mingi bila matata. Mambo hubadilika mtu anapokuwa mrushaji, yaani mwanamichezo anayerusha kitu kwa nguvu kupitia juu ya bega, awe mrusha mkuki, mchezaji wa besiboli au wa mpira wa mikono, kwa sababu tendo hilo hukisukuma kiwiko kifunguke kwa upande, mwelekeo ambao bawaba hiyo haikutengenezewa. Kinachokizuia kisifunguke upande wa ndani ni utepe mmoja mgumu, mfupi kuliko kidole kidogo, na utepe huo ukichanika mrushaji hupoteza kazi yake hata kama mkono bado unaweza kufanya kila kitu kingine.

Utepe huo ni ligamenti. Katika mazungumzo ya kila siku neno kano hutumika kwa vitu viwili ambavyo wataalamu huvitenganisha: ligamenti huunganisha mfupa na mfupa, ilhali kano huunganisha msuli na mfupa, na msomaji atafaidika akiishika tofauti hiyo, kwa kuwa upasuaji unaoelezwa huko mbele si kingine ila jitihada ya kuigeuza kano iwe ligamenti. Ligamenti ya ndani ya kiwiko huanzia kwenye kinundu cha mfupa wa mkono wa juu, kile kinachogusika kwa urahisi upande wa ndani wa kiwiko, ikashuka hadi kwenye ulna, ambao ni mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole kidogo. Ina mafungu matatu, lakini fungu la mbele ndilo linalobeba mzigo mkubwa wakati wa kurusha. Nyuma ya kinundu hichohicho hupita neva ya ulna, ile inayompa mtu hisia kama ya kupigwa shoti ya umeme hadi kidole kidogo anapojigonga kiwiko, na kwa sababu ya ujirani huo jeraha la ligamenti mara nyingi huja pamoja na ganzi ya vidole viwili vya mwisho.

Ili kuelewa kwa nini ligamenti hiyo huchanika, inafaa kulitazama tendo la kurusha kwa karibu. Mrushaji wa besiboli anapotua mguu wa mbele, kiuno huanza kuzunguka, kifua kikafuata, kisha bega, huku kigasha na mpira vikiwa bado vimelala nyuma. Katika nukta hiyo bega linakwenda mbele na kiganja kimebaki nyuma, na kiwiko kilicho katikati hupindwa kwa upande kama fito inayokaribia kuvunjika. Kutoka mguu kutua hadi mpira kuachiwa hupita takriban sehemu moja ya saba ya sekunde. Vipimo vya maabara za mwendo vimeonyesha kwamba nguvu ya kukipinda kiwiko kwa wachezaji wakomavu hufikia nyutoni-mita 64 hivi, ambayo ni sawa na kuulaza mkono ubavu na kuning'iniza kiganjani ndoo ya lita 20 iliyokaribia kujaa maji, na mzigo huo unarudiwa kila mrusho. Ligamenti iliyopimwa peke yake, bila misuli, hukatika kwa karibu nusu ya nguvu hiyo.

Swali la haki, basi, ni kwa nini haikatiki kila siku, na jibu lake ndilo msingi wa tiba yote. Misuli ya kigasha inayokunja vidole na kifundo cha mkono huanzia kwenye kinundu kilekile cha ndani, ikapita juu ya ligamenti, nayo inapojikaza hukifunga kiwiko na kuipunguzia ligamenti mzigo. Aidha, sehemu kubwa ya nguvu ya mrusho haitoki mkononi bali kwenye miguu, nyonga na kiwiliwili, ikasafiri kupitia mgongo na bega hadi kwenye vidole. Nyonga ikiwa ngumu, bega likipoteza sehemu ya mzunguko wake, au misuli ya kigasha ikichoka, mkono hulazimika kuizalisha nguvu ambayo mwili haukuileta, na deni hilo hulipwa na ligamenti. Nyuzi zake hukatika kidogo kidogo, mara nyingi pasipo mchezaji kujua, hadi mrusho mmoja wa kawaida kabisa unapomaliza kazi iliyoanzwa na mamia ya mirusho iliyotangulia.

Ingawa jeraha hili limepata umaarufu kupitia besiboli ya Marekani, maelezo ya mapema ya kitabibu kulihusu yalitoka kwa warusha mkuki: mwaka 1946 daktari Waris wa Finland, nchi ambayo mkuki ni mchezo wa taifa kwa mapenzi ya watu wake, alichapisha taarifa ya majeraha ya viwiko ya warusha mkuki. Mkuki wa wanaume una uzito wa gramu 800 na wa wanawake gramu 600, wakati mpira wa besiboli hauzidi gramu 150, hivyo mrusha mkuki hurusha mara chache zaidi lakini kila mrusho una mzigo wake. Hatari kubwa kwake ni kiwiko kilichoshuka: mkono unapopita ubavuni badala ya juu ya bega, kigasha hubaki nje ya mstari wa mwili na upande wa ndani wa kiwiko hufunguka. Jambo hili linawagusa wasomaji wa Afrika Mashariki kuliko wanavyodhani, kwani tangu Julius Yego wa Kenya aliporusha mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015 na kuwa bingwa wa dunia, kurusha mkuki si mchezo wa kando tena katika ukanda huu. Na Uganda nayo ilipeleka vijana wa Lugazi katika fainali za dunia za besiboli ya watoto nchini Marekani mwaka 2012. Vijana wanaofuata nyayo hizo wanastahili kulindwa viwiko vyao kwa maarifa yaleyale wanayolindwa nayo wenzao wa kwingineko.

Dalili za jeraha huja kwa njia mbili. Wapo wanaosikia mlio wa kukatika, kama kamba iliyovutwa ikaachia, ukifuatiwa na maumivu makali upande wa ndani na kushindwa kurusha tena siku hiyo. Na wapo, pengine wengi zaidi, ambao maumivu huanza polepole, mrusho unapungua mita, shabaha inapotea, na mkono unauma kesho yake kuliko ilivyokuwa desturi. Kinachodanganya ni kwamba mtu mwenye ligamenti iliyochanika aghalabu anaweza kubeba mizigo, kuandika na hata kupiga pushapu bila shida, kwa kuwa kazi hizo hazikipindi kiwiko kwa upande, na kwa hiyo kocha au mzazi humwona kijana kama mvivu anayetafuta kisingizio. Hukumu hiyo ni dhuluma, na imewafanya vijana wengi waendelee kurusha hadi ligamenti iliyokuwa imechanika nusu ikakatika yote.

Watoto wanahitaji kutajwa peke yao. Kabla mifupa haijakomaa, kinundu cha ndani cha kiwiko kimeshikamana na mfupa kupitia sahani ya ukuaji, tabaka la gegedu ambalo ni dhaifu kuliko ligamenti yenyewe, na hivyo mzigo wa kurusha kwa mtoto wa miaka 11 au 12 haukati utepe bali hukibandua kinundu. Mtoto wa rika hilo anayelalamika maumivu upande wa ndani wa kiwiko aache kurusha siku hiyohiyo na apelekwe kupigwa eksirei. Kumkanda kwa mafuta ya moto na kumvuta mkono, kama ilivyozoeleka kwa kiungo kilichoteguka, kunaweza kulegeza misuli iliyokaza lakini hakuwezi kuunga ligamenti, na kwa sahani ya ukuaji iliyoanza kubanduka kunaweza kuongeza madhara.

Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia huanza uchunguzi kwa mikono yake. Hukikunja kiwiko kidogo, akashika mkono wa juu usisogee, kisha akakisukuma kigasha kwa nje ili apime kama upande wa ndani unafunguka kuliko ule wa mkono wa pili. Au hukisukuma hivyohivyo huku akikikunja na kukikunjua kiwiko haraka, na maumivu yakitokea pale kiwiko kinapokuwa kati ya nyuzi 70 na 120, ambapo ndipo ligamenti hubeba mzigo wakati wa kurusha, shaka huwa kubwa. Eksirei huonyesha mifupa tu, si ligamenti, lakini inafaa kwa kuondoa mashaka ya mfupa uliobanduka. Kipimo cha MRI ndicho huonyesha utepe wenyewe na mahali ulipochanika, juu karibu na kinundu au chini kwenye ulna, habari ambayo si ya ziada, kwa sababu machaniko ya juu yameonekana kupona bila upasuaji kuliko ya chini. Pale ambapo MRI iko mbali au gharama yake haimudiki, altrasaundi inayofanywa na mtu mzoefu, akikipima kiwiko kikiwa kimetulia na kisha kikiwa kimesukumwa, husaidia sana.

Kwa machaniko yasiyo kamili, tiba ya kwanza ni kupumzika, ingawa neno hilo hueleweka vibaya. Mchezaji huacha kurusha kwa wiki 6 hadi 12, lakini haachi mazoezi: miguu, nyonga, kiwiliwili na misuli ya kigasha hufanyiwa kazi muda wote huo, na kasoro za mwendo hurekebishwa, kwa kuwa kumrudisha mtu uwanjani na mwendo uleule uliomvunja ni kumpa miadi ya jeraha jingine. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001 ulifuatilia warushaji 31 waliotibiwa bila upasuaji, na asilimia 42 walirudi kwenye kiwango chao cha awali baada ya wastani wa wiki 24 na ushee. Si idadi ya kushangilia, wala si ya kudharau, na kwa kijana ambaye hana mkataba wa mamilioni unaomsubiri ni sababu tosha ya kujaribu njia hiyo kwanza. Wengine huongezewa sindano ya sehemu ya damu yao wenyewe iliyosheheni chembe za kugandisha damu, kwa matumaini kwamba zitachochea uponyaji. Matokeo ya awali yalitia moyo, ila tafiti zilizofuata hazikukubaliana, na ni vyema mgonjwa aelezwe hivyo kabla ya kulipia.

Kwa utepe uliokatika wote, hadi mwaka 1974 mrushaji wa kulipwa alikuwa amekwisha. Mwezi Julai mwaka huo ligamenti ya mkono wa kushoto ya Tommy John, mrushaji wa timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers, ilikatika akiwa mchezoni, na tarehe 25 Septemba daktari Frank Jobe alimfanyia upasuaji ambao haukuwahi kufanywa kwa kiwiko cha mrushaji, huku akimweleza kwamba uwezekano wa kurudi ulikuwa mdogo sana. Neva ya ulna ilimletea matatizo mkononi baada ya hapo, ikabidi afanyiwe upasuaji wa pili, na msimu wote wa 1975 hakucheza. Alirudi mwaka 1976, akaendelea hadi 1989 alipokuwa na umri wa miaka 46, na kati ya mechi 288 alizohesabiwa ushindi katika maisha yake ya mchezo, 164 zilikuja baada ya upasuaji. Haishangazi kwamba hadi leo upasuaji huo unaitwa kwa jina la mgonjwa, si la daktari.

Kitu alichokitumia Jobe msomaji anaweza kukiona kwenye mkono wake mwenyewe. Mtu akikutanisha ncha ya kidole gumba na ya kidole kidogo, kisha akakunja kifundo cha mkono kidogo, kamba nyembamba huchomoza katikati ya kifundo: hiyo ni kano ya msuli mdogo ambao baadhi ya watu hawakuzaliwa nao kabisa na hawajui kwamba hawanao, kwa sababu mkono haupungukiwi nguvu kwa kuukosa. Daktari huichukua kano hiyo, au nyingine ya pajani kwa asiye nayo, hutoboa vitundu kwenye ulna na kwenye kinundu cha mkono wa juu, na kuipitisha humo ili ishike mahali pa ligamenti iliyokatika. Jobe aliipitisha kwa umbo la tarakimu nane baada ya kuikata misuli ya kigasha kutoka kwenye mfupa. Waliomfuata walijifunza kuipasua misuli hiyo kwa urefu wa nyuzi zake bila kuikata, na kutoigusa neva pasipo haja, na mabadiliko hayo yamepunguza sana madhara ya upasuaji. Katika miaka ya karibuni, mchezaji kijana ambaye ligamenti yake imebanduka mwishoni mwa utepe lakini utepe wenyewe bado mzima, anaweza kushonewa ligamenti yake mwenyewe na kuongezewa ukanda imara wa nyuzi za kiwandani, njia ambayo humrudisha mapema zaidi.

Kipandikizi kinapowekwa hakiwi ligamenti siku hiyo. Kwa wiki za mwanzo ni kamba isiyo na damu; mishipa midogo ya damu huotea ndani yake polepole, seli mpya huingia, nyuzi hujipanga upya kufuata mwelekeo wa mvutano, na katika kipindi hicho kipandikizi huweza kuwa dhaifu kuliko kilivyokuwa mezani pa daktari. Ratiba ya utengamao, yaani kazi ya kukirudisha kiungo kwenye uwezo wake, imejengwa juu ya ukweli huo wa kibaiolojia, na ndiyo maana haipunguzwi kwa ushujaa wa mgonjwa wala kwa haraka ya kocha.

Wiki ya kwanza mkono hufungwa katika banzi, kiwiko kikiwa kimekunjwa nyuzi 90, na mgonjwa hufumba na kufumbua vidole ili damu itembee. Kisha huvaa kifaa chenye bawaba kinachoruhusu mwendo kwa kipimo, kikifunguliwa nyuzi chache kila wiki hadi mkono unyooke kikamilifu kati ya wiki ya tano na ya sita, kwa maana kiwiko kilichoachwa kikakauka ni hasara ambayo kurusha hakutaisamehe. Mazoezi ya bega yanayozungusha kigasha kwa nje huchelewa, kwani ndiyo yanayoivuta ligamenti mpya, lakini misuli ya bapa la bega, ya tumbo na ya miguu huanza mapema. Kufikia mwezi wa tatu uzito huongezwa, na mgonjwa huanza kurushiana mpira mzito kwa mikono miwili kutoka kifuani, baadaye kwa mkono mmoja, huku mtaalamu akitazama si mkono tu bali kama nyonga inatangulia.

Mwezi wa nne au wa tano huja siku ambayo mgonjwa ameingoja na kuiogopa: mrusho wa kwanza. Ni umbali wa mita 14 hivi, kwa nguvu ndogo, mirusho michache yenye mapumziko kati yake, kisha siku nzima ya kutorusha. Umbali huongezwa ngazi kwa ngazi hadi kufikia mita 55, na kanuni ni moja: maumivu ya kiwiko yakitokea, mgonjwa hurudi ngazi ya nyuma, hajikazi kuyavuka. Mrusha mkuki hufuata njia hiyohiyo kwa mpira, halafu huchomeka mkuki ardhini akiwa amesimama, kisha kwa hatua tatu, na mbio kamili huja mwisho. Mashindano kwa kawaida husubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Shohei Ohtani, Mjapani ambaye katika besiboli ni mrushaji na mpigaji kwa pamoja, alifanyiwa upasuaji wa pili wa kiwiko mwezi Septemba 2023. Mwaka 2024 alicheza kama mpigaji tu, na hakurusha katika mechi za ligi hadi Juni 2025, pamoja na kwamba alikuwa na wataalamu na vifaa ambavyo wanamichezo wengi hawavipati.

Subira hiyo huzaa matunda. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, kati ya wanamichezo 743 waliofuatiliwa baada ya kujengewa ligamenti, asilimia 83 walirudi kwenye kiwango chao cha awali au cha juu zaidi. Kwa bahati mbaya, mafanikio hayo yamezaa imani potofu kwamba upasuaji huongeza nguvu ya mkono: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, takriban nusu ya wachezaji wa shule za sekondari waliohojiwa nchini humo waliona kwamba ufanywe hata kwa asiye na jeraha. Anayerudi akirusha vizuri kuliko zamani hajapewa mkono mpya na kipandikizi. Amepata mwaka mzima wa kujenga miguu, nyonga na bega ambavyo hakuwahi kuvijenga, na kazi hiyo angeweza kuifanya kabla kiwiko hakijachanika.

Kuhusu kinga, matokeo mawili ya utafiti yanatosha kumshtua kocha yeyote. Vijana waliorusha zaidi ya ingia 100 kwa mwaka, ingia ikiwa ni kipindi kimoja cha zamu katika mchezo wa besiboli, walikuwa na hatari ya jeraha kubwa mara tatu na nusu ya wenzao. Na waliozoea kurusha mkono ukiwa umechoka walikuwa na uwezekano wa kufikia upasuaji mara 36 ya wasiofanya hivyo. Besiboli ya watoto ya Marekani iliweka kikomo cha idadi ya mirusho mwaka 2007, mirusho 85 kwa siku kwa mtoto wa miaka 11 au 12, pamoja na siku za lazima za kupumzika. Kwa mkuki katika mashindano ya shule, ambako mwanafunzi mwenye kipaji huweza kurushia bweni asubuhi na shule jioni, kisha akaitwa kambini wiki hiyohiyo, kocha anahitaji daftari lenye safu tatu: tarehe, idadi ya mirusho ya nguvu, na jibu la mwanafunzi mwenyewe alipoulizwa asubuhi iliyofuata kama upande wa ndani wa kiwiko unauma.